Nukta Nyeupe ya Mwisho

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana ya seremala.

Jumapili, 7 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mkaza mjomba naye hajambo? Na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimepona? Mama ameniagiza nikuulize habari za kifua kabla ya jambo lolote, na usijibu "nzuri tu" kama kawaida yako, bali useme ukweli kama bado unakohoa au umeacha.

Sisi huku ni wazima. Mgongo wa Baba umepata nafuu tangu alipoacha kulalia godoro lile lililozama katikati. Mama ana kazi nyingi za kushona sare za shule, na sebule imejaa vitambaa mpaka hatuna pa kuweka sahani. Mdogo wangu, uliyemwacha hajaota hata jino, sasa yuko darasa la kwanza na anaongea mno, hata tumempa jina la Redio. Baba anasema tatizo la redio hii ni kwamba ilikuja bila kitufe cha kuzimia.

Mimi niko kidato cha pili. Katika mtihani wa muhula uliopita nilikuwa wa nne. Mtihani huo huo ndio uliozaa kosa nitakalokueleza, kwa hiyo usinipongeze bado.

Jambo lililonifanya nikae chini kuandika ni ubao wa Bibi, pamoja na macho yake. Mama yako ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Daktari wa macho atafika katika zahanati yetu tarehe tisa Julai, na muuguzi mkuu amekwisha kumwandikisha Bibi. Lakini Bibi amesema hatakwenda kufanyiwa upasuaji mpaka ubao wake uishe, na ubao umebakiza kitu kimoja tu ambacho hapa nyumbani hakuna wa kukifanya. Naomba unisikilize tangu mwanzo.

Mwezi wa pili muuguzi mkuu alikuja kumwomba Bibi picha ya kuweka katika chumba cha kungojea. Unakikumbuka chumba kile: mabenchi mawili marefu, ukuta mtupu, karatasi ya kufundisha kunawa mikono, na saa. Muuguzi alisema kina mama hukaa pale asubuhi nzima wakiitazama saa, na saa haijawahi kumtuliza mtu. Bibi alikubali kabla muuguzi hajamaliza kusema.

Ubao wenyewe ulitengenezwa na jirani yetu seremala, yule ambaye mtaa mzima humwita Fundi Kesho. Ni mkubwa kama mlango uliolazwa ubavu. Alituzungusha wiki tatu kwa kesho zake, mpaka Bibi akamfuata karakanani na kumwambia, "Fundi, siku yako ikifika utamwambia malaika arudi kesho." Fundi Kesho hakukosa jibu: "Na wewe, Bi Rangi, utamwambia ageuke kidogo upate kumchora ubavu." Jioni ile ile ubao ukaletwa.

Wewe unazijua rangi za Bibi kuliko mimi, maana ulizikoroga miaka mingi kabla sijazaliwa. Hata hivyo niruhusu nikuandikie ninavyozijua, na pale nilipokosea unisahihishe.

Kila siku kabla ya kuanza, Bibi hunawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha hukaa mbele ya ubao bila kusema neno. Ukiingia wakati huo unarudi ulikotoka. Mwisho hujiambia, "Haya," na kushika brashi. Anasema wengine husali kwa mdomo, yeye amepewa sala ya mkono. Kwa kuwa haoni vizuri, kwanza hukwaruza mistari yote kwa msumari, halafu kidole cha mkono wa kushoto hufuata mkwaruzo na brashi hufuata kidole. Nimemtazama hivyo kwa miezi mitatu, na sijamwona akitoka nje ya mstari hata mara moja. Mimi mwenye macho mazima hushindwa kukata karatasi ikanyooka.

Nyeusi hutangulia. Aliupaka ubao wote mweusi mara mbili, akauacha ukauke. Redio alipouona aliuliza kama Bibi amemaliza. Bibi akamwambia, "Ndiyo kwanza naanza. Hata wewe ulianzia gizani, tumboni mwa mama yako, na hukulalamika." Redio akasema alilalamika sana, ila hakuna aliyemsikia.

Nyekundu ikafuata, ya mizizi na shina la mti mkubwa uliosimama katikati. Shuleni tumefundishwa kwamba nyekundu ni hatari. Bibi anasema aliyeandika hivyo hajawahi kuzaa. Kwake nyekundu ni kazi, ni damu inayohangaika mwilini siku nzima bila kuonekana wala kushukuriwa. Ndiyo maana mizizi ya mti wake ni minene kuliko matawi.

Njano ni rehema. Juu kabisa ya mti alichora duara la njano lenye miale mifupi kama vidole, na ndani ya duara hakuweka kitu. Nilimwuliza patakaa nini. "Pana Mwenyewe," alinijibu, akaendelea na kazi. Wanaoliona husema ni jua, lakini si jua, Mjomba. Ni mahali palipoachwa wazi kwa heshima. Kila nikipita hapo hujikuta nimepunguza sauti. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchora heshima kwa kutochora kitu.

Bluu ni utulivu, na Bibi aliikusudia kwa mto unaopita chini ya mti kutoka upande mmoja wa ubao mpaka mwingine. Kijani ni kupona, na hiyo ni ya majani. Nyeupe ni kuamka. Huja mwisho, na huja kidogo: nukta moja katika jicho la kila kiumbe, kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Jicho moja, njiti moja, kisha njiti huwekwa pembeni na haichovywi tena. Kabla ya nukta hiyo Bibi husema ubao umelala. Ikishatiwa ubao umeamka, naye haugusi tena.

Matawini kuna ndege saba, wote wamechorwa kwa ubavu. Ni sisi: Bibi mwenyewe, marehemu Babu, Baba, Mama, mimi, Redio na wewe. Nilimwuliza mbona anawapelekea wagonjwa picha ya jamaa zetu. Akasema hawezi kumwombea mtu asiyemjua, ila kila atakayekaa kwenye benchi lile atampata ndege wa kufanana na mtu wake. Redio amechorwa mdomo wazi.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimekuwa nikilikwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Unakumbuka ile safari yako ya mwisho, miaka sita iliyopita, macho ya Bibi yalipoanza kumpa shida. Ulifunga uzi kwenye kila kopo la rangi ili ayajue kwa vidole: nyekundu fundo moja, njano mawili, bluu matatu, kijani manne, na nyeupe ukaifunga njiti. Nyekundu na njano bado anaziona kidogo. Bluu na kijani, juu ya nyeusi, kwake ni kitu kimoja. Bila nyuzi zako hawezi kuzitofautisha kabisa.

Jumapili moja mwezi uliopita niliamua kumfurahisha kwa kuyasugua makopo yake yote. Nyuzi zilikuwa ngumu kwa rangi iliyogandia, nikazikata kwa mkasi wa Mama na kufunga mpya. Wakati huo nilikuwa nakariri tarehe za historia kwa ajili ya mtihani. Nilikuwa na daftari gotini na mdomo wangu ulikuwa karne nyingine kabisa. Bluu nikaifunga mafundo manne na kijani matatu. Nyuzi zako nikazitupa.

Siku iliyofuata niliporudi kutoka shule Bibi alikuwa amemaliza mto. Ulikuwa wa kijani, Mjomba, kijani kibichi kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Umeuona mto wangu?" aliniuliza. Nilisema nimeuona. Aliuliza kama umetulia vya kutosha. Nilisema umetulia. Kisha akaenda kunawa, na mimi nikabadilisha nyuzi haraka haraka ili majani yasije yakawa ya bluu. Yakatoka ya kijani, sawasawa. Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa la haraka, lakini la pili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu. Kwa siku tatu nilimsikia akiusifu mto wake wa bluu, akimweleza Mama jinsi kina mama watakavyouangalia na kushusha pumzi. Mama alikuwa na sare arobaini za kumaliza na hakuwa ameingia chumba cha nyuma penye ubao wiki nzima. Redio peke yake ndiye aliyeuona, nikampa penseli yangu mpya ili anyamaze. Amini usiamini, alinyamaza.

Alhamisi alikuja Fundi Kesho kupima mahali pa kupigilia kulabu za kutundikia ubao. Alisimama, akaangua kicheko.

"Bi Rangi! Mto wako umeota majani mpaka katikati!"

"Jipanguse vumbi la mbao machoni," Bibi alimwambia.

"Leo nimeyaosha, mama. Maji yako ni ya kijani kuliko shati langu."

Alidhani anatania tu kama siku zote. Akapima, akasema kulabu atazileta kesho, akaenda zake akipiga mluzi.

Bibi akaniambia nimletee makopo. Akayachukua moja moja, akapitisha kidole gumba juu ya uzi, mpaka akafika la tano.

"Haya si mafundo ya mwanangu," alisema. "Yake yalikuwa magumu kama yeye. Nani kafunga haya?"

"Mimi, Bibi."

"Lini?"

"Jumapili."

"Na leo?"

"Alhamisi."

Hakunipandishia sauti. Ningefurahi kama angenipandishia. Alisema tu, "Siku zote hizo unanisikiliza nikiusifu mto usiokuwepo." Nililia, Mjomba, na machozi yangu hayakumgusa hata kidogo. Alinisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua iishe ndipo aendelee na safari.

Halafu akageuzia kiti ubaoni. "Haya, mke mwenzangu, nisomee nilichochora. Anza chini."

Nilianza na mizizi. Nikamsomea wekundu wake, jinsi unavyoshuka na kuinuka tena. Nikafika mtoni nikakwama. Akasema, "Soma kilichopo. Usinisomee nilichotaka." Basi nikasema ninavyoona. Nilimwambia mto umetoka gizani upande wa kushoto, na kwa kuwa una rangi moja na majani, unaonekana kama mti umeyanywa maji yake mpaka ukafanana nayo. Nilimwambia bluu ingetulia chini, peke yake, lakini hii inapanda. Mwisho nikamwambia kwamba wale kina mama wa kwenye mabenchi hawaendi zahanati kutulia. Wanakwenda kupona.

Kisha akasema, "Mimi niliwaombea watulie. Kumbe kuna aliyewaombea zaidi. Uache mto."

Nilidhani nimesamehewa yote. Hapana. Aliniambia kosa la mafundo ni la vidole, na vidole amevisamehe. Kunyamaza ni kosa la moyo, na hilo nitalifanyia kazi. Akaniwekea brashi nyembamba mkononi na kuniamuru nipake mstari wa bluu kwenye kingo zote mbili za mto, ili utulivu nao upate pa kukaa, hata kama ni pembezoni. Unajua kwamba Bibi hajawahi kumpa mtu brashi. Nimeitamani brashi ile tangu nina miaka mitano. Sikutarajia kuipata kama adhabu. Karibu na mizizi mstari umepinda. Ukija utauona. Bibi anaupapasa kila siku na kucheka.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya nyeupe. Mama aliacha cherehani, Baba akavaa shati safi, na Redio akaahidi kutosema neno. Bibi alinawa, akakaa kimya chake, akasema "Haya" na kuchovya njiti ya kwanza. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ubao. Mstari wa ndege aliupata kwa kidole, lakini jicho halikwaruzwi, sharti lionekane. Alibaki hapo ameinua mkono. Kisha akarudi nyuma.

"Naona weupe kila mahali," alisema polepole. "Sijui nitie mwingine wapi."

Mama aligeuka dirishani. Bibi akanyoosha njiti upande wangu bila kutazama na kusema, "Usipumue wakati wa kugusa."

Alinitaka nianze na Babu. Ndege wa Babu ni mweusi juu ya nyeusi. Kwa miezi hii mitatu nilikuwa najua yupo kwa kupapasa tu, na Baba alikuwa hajui kabisa kama tawi lile lina mtu. Nilitia nukta moja, ndogo kuliko mbegu ya ufuta, na papo hapo ndege mzima akatokea: kichwa, bawa, mkia, vyote vya giza na vyote vinaonekana, kwa sababu sasa jicho lilikuwa na pa kutazamia. Baba alisema, "Mzee!" akashika kofia ambayo hakuwa ameivaa. Mjomba, katika maisha yangu sijaona kitu kizuri kama kile. Nimejaribu kukiandika hapa mara tatu na bado hakijakaa sawa.

Nikatia jicho la Bibi, la Mama, la Baba, la Redio, na langu. Nilipoichukua njiti ya saba Bibi akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni Mjomba."

"Weka njiti chini. Huyo ana mkono wake. Akija atajifumbua mwenyewe."

Mama alisema, "Mama, ndugu yangu yuko mbali, na daktari anakuja mwezi ujao!"

"Daktari angoje. Kina mama pale wanangoja kila siku."

Redio, ambaye ahadi yake ilikuwa imefika mwisho, alisema Mjomba asipofumbua macho atagongana na mti. Tulicheka wote isipokuwa Bibi.

Ndivyo mambo yalivyo. Ndege sita wako macho na mmoja amelala. Fundi Kesho ameleta kulabu, muuguzi mkuu ameshapiga msumari ukutani, na Bibi hasogei. Mama anadhani ni ukaidi. Mimi nadhani anaogopa, kwa sababu jana tulipokuwa tunaosha brashi aliniambia, kama anayejisemea, kwamba nyeupe ni rangi ya mwisho, na yeye imekwisha kumwingia machoni, na kilichotiwa nyeupe hakiguswi tena.

Jibu limenijia leo asubuhi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba nyeupe ni ya kuamsha. Nikimwambia mimi ataniambia nikaoshe vyombo. Ukimwambia wewe atasikiliza. Baba anasema ningekupigia simu tu badala ya kuandika kurasa zote hizi, lakini kuna kitu nilichotaka kukuletea, nacho hakipiti kwenye simu.

Ndani ya barua hii utakuta njiti moja ya kiberiti. Nimekata kichwa chake ili watu wa posta wasipate wasiwasi. Ni ile ya saba, niliyoiweka chini. Haijachovywa. Najua majokofu unayotengeneza huko hayaishi kuharibika na tajiri wako hatoi likizo kwa urahisi. Ukiweza kuja kabla ya tarehe tisa Julai, njoo nayo. Ikishindikana kabisa, ishike kiganjani mpaka ipate joto la mkono wako, kisha uirudishe kwa bahasha, na umwandikie Bibi kwa mkono wako ni nani umempa ruhusa ya kukushikia. Sikuombi unitaje mimi. Ila ukinitaja, sitapumua wakati wa kugusa.

Jambo moja ambalo Bibi hakunituma nikwambie: ndege wako yuko kwenye tawi la mbali kuliko yote, karibu aguse ukingo wa ubao. Lakini hakuchorwa akitazama nje. Amechorwa akitazama shina.

Mama, Baba na Redio wanakusalimu. Fundi Kesho anakusalimu na kusema yale mabao ya karata unayomdai atakulipa kesho. Bibi hajui kwamba naandika, lakini nilipompita na karatasi aliniuliza kama wino ni wa bluu, nikamwambia ndiyo, akasema vizuri. Msalimie sana mkaza mjomba, umwambie ndege wake nitauliza atakaa tawi gani. Mungu akulinde kazini na njiani, akiondoe kifua hicho, na akupe huko ugenini utulivu wa bluu na uzima wa kijani.

Nisamehe kwa ajili ya mafundo yako. Nakungoja.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye kwa dhati,
yule aliyekata nyuzi.